Ulimi wa Mizani

Baba aliniachia kibanda nyuma ya Markiti,
nyundo ndogo, kopo la grisi,
na mawe ya shaba, kuanzia ratili hadi wakia,
yamepangwa kisandukuni kama ndugu kwa kimo.
Aliniachia pia aya moja ya Kisanskriti
ambayo hakuwahi kunifasiria yote.
Nusu yake aliisema akiwa na homa:
"Bwana ataka moyo, Hemlata. Na akili pia.
Usimpe kimoja ukaficha cha pili."

Miaka kumi na tisa nimempa kimoja.

Moyo ni rahisi kuutoa, hata hivyo haukai.
Alfajiri nawasha utambi kwenye samli,
namvika Mwenye Filimbi asmini
alizonitungia Mwanakombo wa achari,
nafumba macho,
na moyo ushaniruka: kunguru wa Mombasa,
ndege aliyeletwa na meli kutoka kwa mababu zangu
na hadi leo hajajifunza adabu za wenyeji.
Adokoa bei ya limau,
adokoa deni la Mwarandu wa samaki,
adokoa neno alilonitupia wifi mwaka juzi,
kisha arudi mdomo umejaa
anitapikie yote miguuni pa Bwana.

Na akili?
Akili niliiacha nje pamoja na viatu.
Nilidhani Mungu hana shughuli na mwanamke ajuaye
kwamba gramu hamsini zikiibwa katika kila kilo
kuna sufuria Kisauni italala nusu.
Hayo ni ya duka, nikasema. Hapa ni pa kuimba.

Jumatatu Mwarandu akaniletea mizani yake,
ile ya zamani, ya vitanga viwili.
"Yayumba, mama. Wateja wanishuku."
Nikaiangika. Ikayumba.
Nikasugua vitanga, nikapiga tupa mtaimbo,
nikazima feni, nikafunga mlango,
tukakaa ndani ya joto hilo kama mikate,
nayo yayumba tu.
Saa nzima kabla sijainua macho
nikaona kulabu yangu mwenyewe imelegea,
ukutani, kwenye chokaa iliyooza kwa chumvi.

Sikuigusa mizani tena.
Niligongomea msumari mpya kwenye boriti ya mkoko.
Ikatulia
na magamba ya changu bado yamo kitangani.

Baba, nusu ile nyingine ilikuwa hii?
Vitanga kazi yao ni kupanda na kushuka,
sikuambiwa nivikate minyororo.
Na ule mshale mdogo wa chuma katikati,
uamuao hii sawa, hii si sawa,
ulikuwa ukiuita ulimi.
Ulimi wangu wa nyama umeimba miaka yote.
Ule wa chuma sikuwahi kuuelekeza popote.
Vyote viwili, vitanga na ulimi,
vyaning'inia pamoja, na swali ni moja:
umeviangika wapi?

Sasa nikipima, napima mbele Yake.
Jiwe la nusu kilo: Wewe.
La robo: Wewe.
Lililoliwa na kutu, ambalo mwenyewe aniomba nilipitishe:
hapana, na hapana hiyo pia ni Yako.
Mwanakombo ananichungulia midomo yangu ikicheza.
"Hem, waomba ama wahesabu?"
"Sijui kuvitenga tena, mwenzangu."
Akacheka. Adhana ya adhuhuri ikaanza,
akafunika makopo yake, akaenda.

Kunguru, wa manyoya huyu, akatua dirishani,
akanyakua kipande cha nazi ya Bwana.
Nilimfuata kwa macho hadi juu ya bati la jirani,
nikafika, kwa kweli, mpaka kwa wifi.
Ulimi ukatikisika.
Kisha, polepole, ukarudi.